Wimbo Uliomtapisha Fagio

Lindolfo Peçanha alizaliwa na kinyaa, kama wengine wanavyozaliwa na kigugumizi. Mama yake, aliyepiga kinanda kanisani katika mtaa wa Méier, alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyo akiwa bado wa kubebwa aligeuza uso kila kwaya ilipopaza sauti kupita kiasi, na aliugeuza vilevile alipobusiwa na shangazi zake. Alipokua hakunywea kikombe cha mtu, hata cha baba yake mzazi. Akipanda tramu alifuta kiti kwa leso ndipo akae, kisha akaikunja ile leso kwa ncha za vidole kama mtu aliyebeba panya mfu. Vijana wa mtaani wakambandika jina, Bwana Leso, na jina likamganda.

Piano aliijua mapema, na piano ndiyo iliyompeleka kwenye klabu za Copacabana, mahali ambapo mtu wa aina yake hakupaswa kukanyaga. Klabu zilinuka moshi wa sigara na bia iliyomwagika tangu juzi. Zama zile muziki uliopendwa ulikuwa wa kilio. Mwimbaji, nywele zinang'aa mafuta, alisimama nyuma ya piano akimlilia mwanamke aliyemwacha, akimalizia kila mstari kwa ukelele, na mate yakimrukia Lindolfo kisogoni. Lindolfo aliendelea kupiga, shingo imemkakamaa. Akirudi nyumbani alijisugua kisogo kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikawaka moto.

Kinyaa hicho ndicho kilichomfanya mtunzi. Alianza kutunga nyimbo ambazo mtu angeweza kuziimba karibu na mtoto aliyelala asimwamshe. Hazikulia wala hazikuomba huruma. Zilikuwa na maneno machache, na sauti ya mtu anayezungumza na mwenzake jikoni. Hakuwa peke yake. Kwenye maghorofa ya upande wa ufukweni vijana wengine nao walikuwa wakipapasa magitaa yao polepole kwa kuogopa majirani, na muda si muda muziki huo ukapata jina, bossa nova, na kila mtu akadai yeye ndiye aliyeuanzisha. Lindolfo hakudai kitu. Alifurahi tu kwamba hatimaye hakuna aliyemtemea mate.

Wimbo wake mkubwa aliupata mbele ya duka la mikate. Mvua ilimkamata katika mtaa wa Leme, akakimbilia chini ya turubai la duka, na hapo akainama kufuta viatu vyake vyeupe. Anafuta, matone yanarudi. Anafuta tena. Pembeni yake alisimama msichana mwenye viatu mkononi na miguu mitupu, nywele zimemlowa mpaka zinamdondokea puani.

"Kaka," msichana akamwambia, "mvua haifutiki."

Huyo alikuwa Zuleica. Walioana kabla mwaka haujaisha, na siku ya harusi Lindolfo alimpa wimbo uitwao "Mvua ya Leme". Ulikuwa wimbo mfupi. Ulianza kwa ngoma peke yake, kama matone ya kwanza juu ya turubai, ndipo gitaa likaingia. Ngoma hiyo aliipiga Nivaldo Cosme, rafiki yake wa tangu Méier, mtu mwembamba mcheshi ambaye hakutumia fimbo bali brashi za waya, akizisugua juu ya ngozi ya ngoma taratibu kama anayefagia chumba cha mgonjwa. Kwa sababu hiyo kila mtu alimwita Fagio. Walipoutia wimbo kwenye santuri, Lindolfo alimwambia fundi wa mitambo, "Mwanzo uache hivyo hivyo. Huyu peke yake. Asiingiliwe na mtu."

Santuri ikaenda mbali. Ilipigwa Buenos Aires, ikapigwa Paris, na Lindolfo akaitwa Marekani, akapiga piano katika kumbi zenye mazulia, nyuma ya mwimbaji wa Kimarekani aliyetafuna ubani hata akiwa jukwaani. Alirudi na suti tatu na maumivu ya tumbo. Wakanunua nyumba ndogo ghorofani huko Urca, na Zuleica akapaka jiko rangi ya manjano.

Kisha wanajeshi wakachukua nchi. Lindolfo hakuwa mtu wa siasa. Siasa nayo ilimtia kinyaa, jasho lake, mikutano yake, kushikana mikono na watu usiowajua. Alipoona vifaru mtaani aliteremsha pazia. Miaka ikapita, mambo yakazidi kukaza, watu wakaanza kuzungumza kwa kuangalia nyuma, na yeye akaendelea kutunga nyimbo za mawimbi na madirisha.

Fagio alichukuliwa akiwa kwa kinyozi, povu la sabuni bado liko shavuni. Mpwa wake alikuwa mwanafunzi, na wenzake walikuwa wameficha mashine ya kuchapia vikaratasi nyuma ya ngoma zake. Watu wawili wenye miwani meusi waliingia, wakamlipa kinyozi kwa adabu, wakaondoka naye. Zuleica alizunguka kila ofisi kumuulizia. Kila ofisi ilimwambia hakuna mtu wa jina hilo. Ulipita msimu mzima wa mvua, na sherehe za kanivali zikapita, ndipo siku moja Fagio akaonekana amekaa kwenye ngazi za nyumba ya dada yake, akijikuna mikono.

Walimwalika Jumamosi kwa chakula cha mchana. Zuleica alipika maharage meusi kwa ulimi na masikio ya nguruwe, wali, mboga ya majani ya kukaanga, machungwa ya kukata. Alitandika kitambaa cheupe. Fagio alikuja na shati la mikono mirefu, ingawa joto la siku ile lilikuwa la kuyeyusha lami.

"Kula, shemeji," Zuleica alimwambia. "Umekonda mpaka shati ndilo linalokuvaa wewe."

"Nakula, shemeji. Meno ndiyo yanagoma. Yaliyobaki hayaelewani."

Wakacheka. Walikula polepole. Fagio hakuulizwa kitu wala hakusema kitu, na kila mlango wa jirani ulipobamizwa aliacha kutafuna. Lindolfo alitafuta la kufanya. Hakuwa hodari wa maneno ya kufariji, na kumkumbatia mtu hakujawahi kumjia kirahisi. Basi akafanya lile alilolijua. Alichukua gitaa lililokuwa limeegemezwa ukutani, akaanza kupiga "Mvua ya Leme", kwa upole kabisa, akitabasamu.

Fagio aliweka uma chini. Akashika ukingo wa meza. Uso wake ukageuka rangi ya majivu, na kabla Zuleica hajasogeza kiti, alitapika juu ya kitambaa cheupe, juu ya wali, juu ya machungwa, akatapika tena akiwa hana kitu tumboni, mishipa ya shingo imemtoka.

Lindolfo aliruka nyuma na gitaa lake. Hilo lilikuwa jambo la kwanza alilofanya, aliruka nyuma, na baadaye alijichukia kwa hilo kuliko kwa mengine yote.

"Ni yule nguruwe," Zuleica alisema, tayari ameshika kitambaa kibichi, anampangusa Fagio paji la uso. "Nilimwambia mwenye bucha masikio yananuka, akaniapia kwa mama yake."

"Nyama yako haina kosa, shemeji." Fagio alipumua kwa mdomo. "Kaka, weka hilo gitaa. Nakuomba. Liweke kule."

Lindolfo alilipeleka chumbani, akarudi, akasimama. Harufu ilikuwa imejaa chumba kizima, naye alijilazimisha asizibe pua.

"Kule ndani wana gramafoni," Fagio alisema.

"Ya nini?"

"Ya majirani. Nyumba iko katikati ya mtaa wa watu. Ng'ambo ya ukuta kuna mama anaanika nguo, unamsikia akigombeza watoto. Hawataki asikie."

"Asikie nini?"

"Lindolfo," Zuleica alisema, "nyamaza."

"Wanapiga ile ya mvua," Fagio aliendelea, akikitazama kitambaa cha meza. "Kwa sauti ya juu kabisa, kaka, wewe mwenyewe ungekimbia. Ikiisha, mtu anairudisha sindano mwanzo. Na mwanzo pale ni mimi. Gitaa halijaingia, ni mimi na brashi zangu. Nimefungwa pale chini, najisikia mwenyewe napiga."

Alijikuna mkono juu ya shati.

"Kuna mmoja wanamwita Daktari. Si wa dawa, amesoma sheria. Hajanigusa kwa mkono wake hata mara moja. Anakaa kitini, anamumunya peremende za maua, zinanuka kama kabati la bibi kizee. Anaufuatisha wimbo kwa mluzi. Kile kipande cha katikati anakikosea. Pale sauti inapopanda, yeye anaishusha. Kila mara, palepale. Siku moja akaniinamia, akaniuliza, 'Hapa umepiga wewe?' Nikasema ndiyo. Akasema, 'Hongera, una mkono mwepesi.' Halafu akawaambia wenzake waendelee."

Zuleica alikusanya kitambaa na kila kilichokuwa juu yake, sahani, uma, vyote, akavifunga furushi, akalitupa kwenye pipa la taka. Sahani zilikuwa za mama yake.

Tangu siku hiyo Lindolfo hakuweza kukaa na ule wimbo chumba kimoja. Balaa ni kwamba wimbo ulikuwa kila chumba. Ulikuwa kwenye redio ya mlinzi wa jengo. Ulikuwa kwenye lifti za mahoteli, kwenye tangazo la friji, kwa daktari wa meno, ambaye alimtia koleo mdomoni huku akiuimba puani, akamwambia, "Tulia, maestro, uko nyumbani." Aliitazama midomo ya watu wakiuimba, akaona mate tu na ulimi. Aliinyofoa santuri kwenye jalada lake akaivunja kwa goti, kisha akanawa mikono, akanawa tena.

"Umevunja ya kwetu," Zuleica alimwambia kutoka mlangoni. "Yao bado ni nzima."

"Ningeweza ningeuua wimbo wenyewe."

"Una haki gani? Ule wimbo ni wangu. Mvua ilininyeshea mimi, miguu mitupu ilikuwa yangu. Yule mtu ameuchukua, na sasa wewe unamfungashia kabisa na kumbebea mpaka kwake."

"Hujamwona Fagio?"

"Nilimpangusa matapishi kwa mikono hii. Wewe uliruka."

Hawakusemeshana siku kadhaa. Jikoni, mlango umefungwa, Zuleica aliuimba akiosha samaki, kwa sauti yake nyembamba iliyopasuka, na Lindolfo alichukua kofia akashuka ngazi, akazunguka mtaa mpaka alipokadiria kwamba samaki wamekwisha.

Mwaka huo wakubwa wa utalii waliamua kumpa nishani. Kulikuwa na karamu ya mchana katika klabu moja kando ya lile ziwa la mjini, wageni kutoka nje, makamanda na wake zao, na mtunzi angeombwa apige wimbo wake mmoja tu. Habari ililetwa kwa simu na mwanamke mwenye sauti ya asali.

"Usiende," Zuleica alisema.

"Nisipoenda wataniuliza kwa nini."

"Waambie unaumwa."

"Watatuma daktari."

Alijua anayosema ni woga, na Zuleica alijua, akamnyooshea suti bila neno. Aliipiga pasi kwa nguvu mpaka ubao ukalia.

Klabuni palikuwa na maua mengi na viyoyozi. Walikula kamba waliopikwa kwa tui la nazi na mafuta ya mawese, wenye vichwa vyao na ndevu zao, wakiwafyonza vidoleni. Lindolfo hakuweza kumeza zaidi ya vijiko vichache. Kamanda mmoja alikuwa na punje ya wali kwenye sharubu, ikipanda na kushuka alipozungumza juu ya utulivu wa nchi. Lindolfo aliitazama punje ile kwa sababu hakutaka kutazama kingine.

Ndipo mtu akamgusa begani. Alikuwa mfupi, nadhifu, miwani ya fremu nyembamba, mikono laini kama ya mwalimu wa piano. Alimshika Lindolfo mkono kwa mikono yote miwili asiuachie.

"Maestro, nisamehe kukusumbua ukiwa mezani. Nimesubiri siku hii miaka. Kazi yangu ni ngumu, narudi nyumbani kichwa kinaniuma, mke wangu shahidi. Nisingekuwa na wimbo wako, sijui."

Pumzi yake ilinuka maua ya urujuani. Ilikuwa harufu tamu iliyolala sana, ya nguo za marehemu.

"Kazi gani?" Lindolfo alisikia sauti yake mwenyewe ikiuliza.

"Ah, ofisi tu. Makaratasi na watu, watu na makaratasi." Mtu yule akacheka kwa aibu, na kwa kuwa hakujua aseme nini zaidi, akapiga mluzi mdogo, kama mtoto anayeonyesha alichojifunza. Alianza na kipande cha katikati. Pale sauti inapopanda, akaishusha.

Lindolfo alijaribu kuutoa mkono wake. Mtu yule aliubana kwa mapenzi zaidi.

Wakamwita jukwaani. Walimvisha nishani, wakampiga picha, wakamkalisha kwenye piano kubwa nyeupe. Ukumbi ukanyamaza. Aliweka vidole juu ya piano, na vidole vikakaa palepale.

"Nimeusahau," alisema kwenye kipaza sauti.

Watu wakacheka. Walidhani ni mzaha wa msanii.

"Samahani. Nimeusahau wimbo."

Wakacheka tena, safari hii kidogo, wakitazamana. Na hapo, kwenye meza ya tatu, yule mtu mfupi akasimama, uso umemwiva kwa furaha ya kuweza kusaidia, akaanza kuuimba kwa sauti ili amkumbushe. Mke wake akadakia. Meza ya pili ikadakia. Punde si punde ukumbi mzima ulikuwa ukiimba, makamanda, wake, wageni, wahudumu na sinia zao, na kipande cha katikati kilipofika, kwa kuwa yule mtu ndiye aliyeongoza, wote walimfuata, wakaishusha ile sauti pamoja naye.

Kamba, tui na mawese vikampanda. Lindolfo Peçanha, aliyefuta viti vya tramu, alitapika mbele ya watu mia kadhaa juu ya piano nyeupe, na alipoinamisha kichwa asitapike tena, nishani ilizama kwenye matapishi.

Palikuwa na kelele za viti. Mtu wa kwanza kumfikia alikuwa Daktari. Alimshika mabega, akasema, "Pole, maestro, pole sana, ni hawa kamba," akatoa leso yake safi, akamfuta mdomo. Alimfuta taratibu, kona hii na kona ile, kama mama. Lindolfo alimwacha amfute.

Mpishi akalaumiwa. Magazeti hayakuandika. Lindolfo alikaa nyumbani akingoja waje wamchukue, amevaa soksi na viatu kutwa nzima, lakini hakuna aliyekuja. Kilichokuja ni kikapu cha matunda na kadi ya kumtakia afya njema. Zuleica alikibeba mpaka kwenye miamba ya Urca akayamwaga matunda yote baharini, samaki nao, alisema, wale washibe.

Jioni ile, kwa mara ya kwanza, Lindolfo alimsimulia kila kitu, mluzi, leso na ukumbi ulioimba.

"Alikufuta mdomo," Zuleica alirudia.

"Ndiyo."

"Na wewe?"

"Nilisema asante."

Zuleica akaenda kuchota maji ya moto na chumvi, akamletea, akamshikia beseni wakati anasukutua. Hakumlaumu tena kwa kuruka.

Lindolfo hakukanyaga jukwaa tangu hapo. Walioita waliambiwa hayupo, na baada ya muda waliacha kuita. Alifundisha piano kwa watoto wa majirani, watoto wenye vidole vya jemu, na alipangusa piano baada ya kila mmoja. Alitunga muziki wa tangazo la nyanya za kopo. Alitunga pia vipande vya piano bila maneno, vigumu, vilivyokwaruza sikio, akavitia kwenye droo. "Hivi hakuna atakayevipigia mluzi," alimwambia Fagio.

Fagio naye hakurudi kwenye ngoma. Mume wa dada yake alimtafutia kazi kwenye karakana ya kushona viti vya magari, na alisema kazi ni nzuri kwa kuwa cherehani zinaunguruma na hakuna anayewasha redio. Alikuja Urca Jumapili. Walikula, walicheza karata, waligombana juu ya mpira. Zuleica hakuimba siku za Fagio.

Wanajeshi waliondoka polepole, kama wageni wanaoaga mlangoni nusu saa nzima. Watu waliokimbilia nje wakarudi. Magazeti yakaanza kuandika majina. Mwanamke mmoja wa redio, Rosângela, alimtafuta Lindolfo, akamuuliza kwa heshima kwa nini mtunzi wa "Mvua ya Leme" alinyamaza. Kabla ya kujibu Lindolfo alikwenda karakana kwa Fagio.

"Nataka kusema. Lakini ni mwili wako, si wangu."

Fagio aliendelea kuvuta uzi. "Sema. Jina lake utaje. Mimi nikianza nitatapika hewani, na redio watadai gharama ya kusafisha mitambo."

Basi Lindolfo akasema. Alitaja gramafoni, brashi, peremende, na jina kamili la Daktari, aliyekuwa amestaafu na kuishi Tijuca na mbwa wawili. Daktari alikanusha kupitia wakili wake. Hakuitwa popote, kwa kuwa sheria ya msamaha ilikuwa imewafunika wote, aliyepigwa na aliyepiga, kwa shuka moja. Lindolfo aliambiwa kwamba yule mtu aliumia sana moyoni. Alilalamika kwa majirani kuwa msanii aliyempenda vile amemgeuka.

Lakini kilichomchafua roho Lindolfo kuliko hilo ni kilichofuata. Watu waliusaka wimbo. Kampuni ikaitoa santuri upya. Vijana waliokuwa hawajazaliwa ulipotungwa waliinunua, wakazima taa, wakasikiliza mwanzo wake, ile ngoma peke yake, ili wasisimke. Baa zikautangaza. Kisha hoteli moja ya ufukweni ikapiga simu kumwomba maestro aje apige wimbo huo mara moja, kwa wageni maalumu, na asimulie kidogo kisa chake kabla ya chakula. Simu aliipokea Zuleica.

"Mume wangu amekufa," alisema.

"Oo, pole sana bibi. Lini?"

"Bado anaendelea," Zuleica akajibu, akakata.

Lindolfo alicheka aliposimuliwa, akacheka mpaka akakohoa, kisha akaenda kunawa uso. Alipotoka bafuni alisema, "Wanautaka kwa sababu unanuka."

Alikufa kweli miaka michache baadaye, kwa moyo, mchana, akiwa amekaa kwenye ukuta wa bahari pale Urca na leso imetandikwa chini yake. Walimzika kwenye makaburi ya Botafogo. Watu walikuja wengi kuliko Zuleica alivyotarajia, wengi wao asiowajua. Wachache walitoka kwenye ukumbi mmoja wa muziki, wakiwa na nia njema na spika kubwa kwenye kitoroli, waya umevutwa mpaka kwenye kibanda cha mlinzi. Padri alipomaliza, mmoja wao akabonyeza kitufe.

Ikasikika ngoma peke yake, brashi juu ya ngozi, laini, kama matone ya kwanza. Baadhi ya watu wakafumba macho. Mwanamke mmoja aliweka mkono kifuani. Wengine wakageuka kumtafuta Fagio kwa macho, maana walishasikia redioni kwamba ndiye aliyeipiga, wakitaka kuona uso wake utafanya nini.

Fagio alikuwa mzee sasa, mgongo umepinda kwa miaka ya cherehani. Alitoka kando ya Zuleica, akapita katikati ya maua bila haraka, akaufuata ule waya mpaka kibandani, akauchomoa ukutani. Gitaa lilikuwa halijaingia. Alirudi na ncha ya waya mkononi, akamkabidhi kijana wa spika, akatema mate pembeni, akajipangusa mdomo kwa kiganja.

"Tulitaka kumuenzi," kijana alisema, machozi yanamlengalenga.

"Najua," Fagio alimwambia. "Kunja waya wako, mwanangu."

Yalisikika magari ya upande wa handakini, na mtu akisukuma mkokoteni wa udongo. Zuleica alirekebisha mtandio wake mweusi.

"Asante, shemeji," alisema. "Sasa tumfukieni."